Namna ya Kuendesha Mdahalo Kuhusu Nani Alipe Nini Nyumbani

Aliyewahi kukaa kijiweni jioni, au kwenye kikao cha maandalizi ya harusi kilichomaliza ajenda zake mapema, anajua jinsi swali hili linavyoanza. Mtu anasema kwa utani kwamba fedha ya mume ni yetu ila fedha ya mke ni yake, wenzake wanacheka, mmoja anajibu kwa ukali kidogo, na kabla kahawa haijapoa watu wameshapita Beijing, wamefika kwa Adamu na Hawa, wamemjadili shemeji aliyejengewa nyumba na wanamsengenya jirani anayedaiwa kulishwa limbwata. Hakuna aliyeshawishika kwa lolote, na kesho mabishano yataanzia pale pale.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulitoa swali hilo kijiweni na kulipatia meza, mwenyekiti na saa ya ukutani. Nimeongoza midahalo ya namna hiyo kwa miaka kadhaa hapa Morogoro, kwanza nikiwa mwalimu wa somo la uraia, baadaye siku za Jumamosi kwa vijana na wazee wa mtaa ninaoishi, na mengi kati ya ninayoyashauri hapa nimeyajua baada ya kuyakosea mbele ya watu.

Anza kwa kuiandika mada

Kazi ya kuandika mada huchukua muda kuliko watu wanavyodhani. Mada kama "Wanaume na wanawake ni sawa" au "Ndoa za siku hizi zimeharibika" haifai, kwa sababu hakuna anayejua afanye nini ikikubaliwa wala aache nini ikikataliwa. Kila msemaji ataingia na maana yake ya neno "sawa", na saa nzima itapita watu wakibishana juu ya vitu viwili tofauti kwa jina moja. Mada nzuri ina mtu anayetajwa, ina jambo analopaswa kulifanya au kuliacha, na ina mazingira yaliyowekewa mipaka. Chukua hii: "Mke mwenye mshahara achangie kodi ya nyumba hata kama mume anaweza kuilipa peke yake." Maneno "hata kama mume anaweza" yameuziba mlango ambao upande mmoja ungekimbilia, yaani kisa cha mume aliyeachishwa kazi, ambacho karibu kila mtu anakubali kwamba mkewe amsaidie, na jambo linalokubaliwa na wote halina mdahalo.

Kabla sijaibandika mada ukutani, huipeleka kwa watu wawili ninaowaheshimu ambao najua hawakubaliani, nikamuuliza kila mmoja kama mtu mwenye akili timamu anaweza kusimama upande usio wake. Wote wawili wakisema inawezekana, mada imeiva. Mmoja akisema haiwezekani, basi ama mada imeandikwa kwa upendeleo, ama si ya mdahalo kabisa. "Je, mume anaweza kumpiga mkewe akikosea?" si ya mdahalo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema bila kuzunguka kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo, na hata sheria isingesema, ukumbini hapakosi mtu aliyevaa mikono mirefu siku ya joto kwa sababu anazozijua mwenyewe. Si haki kumwita akae asikilize majirani wakiupigia kura mwili wake.

Epuka pia mada iliyobeba hukumu yake tumboni. Ukiandika "wanawake wa kisasa" au "wanaume suruali", umeshaamua kabla ya kikao kuanza.

Jua swali limekaa kiti gani

Sehemu hii ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa kazi yote. Swali lolote kuhusu mume na mke linaweza kuwa limekaa kwenye kimojawapo cha viti vinne: sheria ya nchi, dini, mila ya ukoo, au makubaliano ya wawili wenyewe. Mabishano mengi hayana mshindi kwa sababu msemaji wa kwanza anazungumza akiwa kwenye kiti cha sheria, wa pili anamjibu akiwa kwenye kiti cha dini, wa tatu anasimama na mila ya bibi yake, na kila mmoja anarudi kukaa akidhani amembomoa mwenzake, kumbe wamepishana kama daladala za njia mbili. Mwenyekiti anapaswa kumuuliza kila msemaji, kabla hajafika mbali, anazungumzia kiti kipi.

Tuendelee na kodi ya nyumba. Kisheria, Sheria ya Ndoa inampa mume wajibu wa kumpatia mkewe makazi, chakula na mavazi kwa kadiri ya uwezo wake, na inamtaka mke mwenye uwezo kumtunza mume pale tu mume anaposhindwa kujipatia riziki kwa sababu ya ugonjwa au kuumia. Sheria hiyo hiyo inamruhusu kila mmoja kuwa na mali yake mwenyewe ndani ya ndoa. Katika Uislamu, nafaka, yaani matunzo ya mke, ni wajibu wa mume na mali ya mke ni ya mke, hata akiwa tajiri kumshinda mumewe. Akichangia, ni hisani yake. Kwa maneno mengine, ule utani wa kijiweni kwamba fedha ya mke ni yake una mizizi mirefu kuliko wanavyojua wanaoucheka. Kwa Wakristo, mara nyingi wasemaji wa pande zote mbili hufungua Waefeso sura ya 5, mmoja akianzia mstari wa 22 unaowataka wake wawatii waume zao, mwingine akianzia mstari wa 21 unaowataka waumini wanyenyekeane. Ukiona hivyo, waombe wasome mistari yote miwili kwa sauti kabla ya kuendelea. Na kwenye kiti cha nne wanakaa wale wawili waliokubaliana chumbani kwao kwamba mume alipe kodi na ada ya shule, mke alipe umeme, chakula na mshahara wa hausigeli, mpango ambao sijaona sheria wala kitabu kinachoukataza.

Mahari ni mfano mwingine unaochanganya watu, kwa sababu neno ni moja na vitu ni viwili. Katika ndoa ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, anayataja yeye na anayapokea yeye, na ndiyo maana watu wa pwani wana majina mengine kwa vile vinavyokwenda kwa wazazi, kama kilemba cha baba na mkaja wa mama. Katika mila za makabila mengi ya bara, mahari ni ng'ombe, mbuzi au fedha zinazotoka kwa ukoo wa mume kwenda kwa ukoo wa mke. Ukiweka mada ya "Mahari yafutwe" bila kusema ni yapi, shehe na mzee wa Kikurya watapigana bega kwa bega kutetea vitu ambavyo havifanani, na anayepinga atawajibu wote wawili kwa hoja moja isiyomgusa hata mmoja. Mada iliyonyooka zaidi ni hii: "Mahari ya kimila yasirudishwe ndoa inapovunjika." Mahakama ya Juu ya Uganda ililijadili jambo hilo hilo, na mwaka 2015 ikaamua kwamba kutoa mahari si kosa kikatiba, lakini desturi ya kuyadai yarudishwe ili ndoa ivunjike inakiuka haki. Hapo una kitu cha kushika. Kwa Tanzania, ongeza kwamba Sheria ya Ndoa inaitambua ndoa hata kama taratibu za mahari hazikutimizwa, jambo linalowashangaza wajomba wengi.

Halafu kuna msemaji ambaye hakosekani, anayesimama na kusema "sisi Waafrika mila yetu ni moja". Usimzomee. Muulize ni mila ya nani. Hapa hapa Morogoro, kwa jadi ya Waluguru, ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti ambayo baba wa watoto hana. Wamakonde na Wayao nao wana jadi ya aina hiyo. Mkoani Mara, Wakurya wana nyumba ntobhu, ambapo mwanamke, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, humtolea mahari mwanamke mwingine ili nyumba yake ipate warithi, na huyo mtoa mahari ndiye mwenye nyumba kwa maana zote zinazohusika na mada yetu. Mtu anayejua hayo mawili hawezi tena kutamka neno "mila" kama vile ni jiwe moja, na mdahalo unakuwa mzuri zaidi kwa pande zote, hata kwa yule anayeitetea mila, maana sasa analazimika kuitetea iliyo yake.

Soma hukumu hadi ukurasa wa mwisho

Wape wasemaji wiki mbili za kujiandaa, na waambie waje na maandiko, si na "nimesikia". Madai mawili nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba sasa huyashughulikia mapema.

La kwanza ni kwamba mkikaa pamoja miezi sita tayari ni mke na mume. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa hakisemi hivyo. Kinazungumzia mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya watu wawatambue kuwa ni mume na mke, na hata hapo kinachopatikana ni dhana ya ndoa, ambayo mmoja wao anaweza kuipinga kwa ushahidi. Nimeona binti aliyejiandaa vizuri kuliko wote akipoteza upande wake wote kwa sababu alijenga nyumba yake juu ya ile miezi sita.

La pili linahusu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ambayo kila anayetetea thamani ya kazi za nyumbani huitaja, na ana haki ya kuitaja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikabiliwa na swali kama kupika, kufua na kuitunza nyumba ni mchango unaohesabika wakati mali ya ndoa inapogawanywa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, na ubishi ulikuwa kama neno "kazi" linaingia hadi jikoni. Mahakama ilisema linaingia. Tangu hapo kesi hiyo imekuwa nguzo. Lakini wengi husimulia hadi hapo na kuketi, na watu hupiga makofi wakidhani Bi Hawa alirudi nyumbani na nusu ya nyumba. Hakurudi nayo. Ilionekana kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, biashara haikusimama, na mahakama ikaona kwamba fungu lake alikwisha kulipata na kulitumia, hivyo hakuongezewa kitu. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akashindwa. Mpinzani aliyesoma ukurasa wa mwisho atakungojea hapo hapo akiwa anatabasamu, kwa hiyo bora uitaje habari yote wewe mwenyewe, uonyeshe kwamba unajua tofauti ya kanuni na matokeo, na uendelee.

Anayetaka mfano wa karibu avuke mpaka. Kenya ilitunga Sheria ya Mali ya Ndoa mwaka 2013, na katika kueleza maana ya mchango imetaja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shamba, usimamizi wa biashara ya familia, na hata kule kuwa mwenzi wa mwenzako. Waliosoma Katiba ya Kenya ya 2010, inayosema wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa na wakati wa kuachana, walidhani kila kitu kitakatwa katikati kama mkate. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaeleza kwamba usawa huo haumaanishi kila mmoja apewe nusu moja kwa moja; kila upande uonyeshe mchango wake. Mada inayotokana na hukumu hiyo ni tamu sana kwa mdahalo: mtu ataonyeshaje mchango wa kuwa mwenzi? Kwa risiti gani?

Usiwapange wanaume huku na wanawake kule

Hili nilifanya mwenyewe, na nalieleza ili usilirudie. Mada ilikuwa ile ya kodi ya nyumba. Niliona ni jambo la kufurahisha kuwaweka wanaume kushoto na wanawake kulia, ukumbi ukajaa, watu wakaja na viti vyao. Ndani ya dakika kumi hapakuwa na kodi wala nyumba. Msemaji mmoja wa kiume, fundi seremala ambaye wote tunamfahamu, alisema mwanamke hawezi kushika fedha ya nyumba ikakaa, na dada mmoja wa upande wa pili akasimama bila kupewa nafasi, akamwambia, "Kaka, wewe ulishwaye na mkeo ndiye unayesema hivyo?" Ukumbi uliangua kicheko. Yule bwana alitoka bila kusema neno, kofia yake ikabaki juu ya kiti. Jumatatu nilimpelekea nyumbani kwake, akaipokea mlangoni na hakunikaribisha ndani. Kosa halikuwa la dada yule. Mimi ndiye niliyewapanga watu hivi kwamba kila hoja iwe shambulio dhidi ya jinsia nzima, na kila jibu lilazimike kuwa kisasi.

Tangu siku hiyo pande hupangwa kwa kura. Natia vikaratasi sita ndani ya kikombe, vitatu vya kuunga na vitatu vya kupinga, na kila msemaji anachukua kimoja mbele ya watu, akipata upande asioupenda ni wake. Faida yake ni kubwa kuliko adabu. Mtu anayetetea upande usio wake hawezi kutegemea hasira, analazimika kutafuta sababu, na waliomo ukumbini wanajua kwamba anachosema si tangazo la nyumba yake.

Nikupe mfano. Mada ilikuwa "Mke asiye na kipato apate nusu ya mali ndoa inapovunjika", na kijana mwendesha bodaboda, aliyekuja waziwazi kwa nia ya kupinga, akaangukia kuunga. Hakutamka neno usawa hata mara moja. Aliomba chaki, akaandika ubaoni hesabu za wiki tatu alizokaa peke yake mkewe alipokwenda kwao kujifungua: ndoo sita za maji kwa siku kutoka kwa jirani mwenye bomba, shilingi 100 kila ndoo, chakula cha asubuhi na jioni kwa mama lishe, nguo kwa mfuaji, na mtoto mkubwa, wa miaka minne, aliyemwachia jirani kwa siku za kwanza bure na baadaye kwa fedha, kwa sababu bure ya jirani ina mwisho. Alijumlisha, akazidisha kwa mwaka, akazidisha tena kwa miaka tisa ya ndoa yake, akaweka chaki chini na kusema kwamba kiwanja chake cha Kihonda amekinunua kwa fedha ambazo hakuzilipa kwa mtu yeyote.

Kukawa kimya. Aliyemjibu alikuwa mama wa makamo, mjasiriamali wa vitenge na mwekahazina wa kikoba, ambaye naye kura ilimpeleka upande wa kupinga. Hakubishia hata ndoo moja. Alisema, "Mwanangu, hesabu yako ni sahihi, lakini umenigeuza kibarua. Ukishanipangia bei ya maji na bei ya kufua, siku utakapopata anayefua kwa bei ndogo kuliko mimi utaniambia nini? Kibarua hufukuzwa. Mimi sitaki kulipwa maji niliyochota, nataka tangu siku ya kwanza jina langu liandikwe kwenye hati ya kiwanja." Upande wake ulikuwa wa kupinga nusu ndoa inapovunjika, na alikuwa ameupinga kwa kudai kitu kikubwa zaidi kabla haijavunjika. Nimeongoza midahalo mingi, na sijapata kusikia jibu lililonishika kuliko hilo. Wala lisingetoka kama ningewapanga kwa jinsia, maana yeye angekuwa upande wa kuunga na wanawake wote wangekuwa wanaimba wimbo mmoja.

Kuongoza siku yenyewe

Panga muda kwa kuangalia nani atashindwa kuja. Nilikuwa nikiita watu saa kumi jioni, na mara mbili wasemaji wa kike walichelewa kwenye mada ya kazi za nyumbani kwa sababu walikuwa nyumbani wakizifanya. Nikahamishia saa nane mchana, tukaweka mkeka pembeni kwa ajili ya watoto, na wanaume wawili wakapewa zamu ya kuwaangalia, zamu ambayo inagombewa kidogo kuliko ile ya kutunza muda.

Wasemaji watatu kila upande wanatosha. Toa dakika saba kwa wa kwanza wa kila upande, tano kwa wanaofuata, na kengele moja ikiwa imebaki dakika moja. Baada yao, wachangiaji wa ukumbini dakika mbili mbili, ukimpa mwanamke na mwanamume kwa kupokezana ili mwenye sauti kubwa asiumeze muda. Watu wetu wanaifahamu lugha ya Bunge, kwa hiyo itumie: anayetaka kusahihisha jambo la kweli, kwa mfano mwaka wa sheria, anasimama na kusema "Taarifa", anayeona kanuni imevunjwa anasema "Kuhusu utaratibu". Taarifa isizidi nusu dakika, na msemaji ana haki ya kuikataa. Wazee huipenda sana kanuni hii, na baadhi huomba taarifa kwa jambo lolote ili wasimame tu. Wavumilie mara ya kwanza.

Kanuni ninayoisoma kwa sauti kila kikao kabla hata ya kutaja mada ni kwamba hairuhusiwi kumtaja mtu aliyepo, wala ndoa ya mtu anayejulikana na waliopo, hata kwa sifa nzuri. Mfano utolewe kuhusu wewe mwenyewe, kama umeridhia, au kuhusu mtu wa kubuni. Ya pili ni orodha fupi ya maneno ambayo msemaji akiyatumia kengele inalia na anapoteza nusu dakika: marioo, danga, kukaliwa, limbwata, mchuna buzi, nungaembe, na msemo "ndiyo maana hujaolewa" pamoja na ndugu zake wote. Nililiongeza na neno Beijing. Mkutano wa wanawake wa Beijing wa mwaka 1995 uliongozwa na Mtanzania mwenzetu, Gertrude Mongella, akiwa Katibu Mkuu wake, na mtu akitaka kuuzungumzia kwa mambo yaliyokubaliwa pale anakaribishwa. Kinachozuiwa ni kulirusha jina hilo kama jiwe kwa kila mwanamke aliyeuliza swali.

Methali ziruhusu, lakini usiziache zifanye kazi ya ushahidi. Mtu akimaliza kwa methali na kuketi katikati ya makofi, mwenyekiti amwombe aseme kwa maneno ya kawaida alichomaanisha. Mara nyingi kinachobaki ni kidogo, na mara chache ni hoja nzuri iliyokuwa imejificha. Hali ni hiyo hiyo kwa aya za dini: anayesoma asome yote, aseme inamhusu nani, na asimhukumu asiye wa dini yake. Kama ukumbi una shehe na mchungaji, wasemaji wasiwageukie kuomba fatwa katikati ya mdahalo. Waalike kuzungumza mwishoni kama wageni, dakika tano kila mmoja.

Utafika wakati mtu analia, au sauti yake inatetemeka akieleza jambo ambalo ni dhahiri ni lake. Simamisha saa. Usimwambie atoe hoja. Mshukuru, mpe maji, muulize kama angependa kuendelea au kupumzika, na mdahalo usitumie maneno yake tena, si kwa kumuunga wala kwa kumpinga. Baada ya kikao mtafute kimya kimya, au mtume mtu anayemwamini, na kama jambo ni la kipigo mwelekeze dawati la jinsia na watoto la polisi. Kama ni mgogoro wa ndoa wa kawaida, lipo baraza la usuluhishi la ndoa la kata, ambalo hata hivyo kwa sheria yetu ni lazima lipitiwe kabla ya kudai talaka mahakamani, isipokuwa kwa hali chache maalumu.

Kura na vikaratasi

Usipige kura ya mikono. Kwenye mada hizi mume anaangalia mkono wa mkewe, mke anaangalia mkono wa mama mkwe, na unachohesabu si maoni. Toa vikaratasi watu wanapoingia waandike kama wanaunga au wanapinga, toa vingine wanapotoka, na utangaze tofauti tu, yaani ni wangapi wamehama na kwenda wapi. Upande uliovuta wengi ndio umeshinda, hata kama bado ni wachache.

Nyuma ya kikaratasi cha pili waombe waandike hoja moja ya upande mwingine ambayo walishindwa kuijibu. Wasiandike majina. Mimi huvisoma nyumbani usiku, na huchagua kimoja cha kufungulia mdahalo unaofuata. Kati ya vile vya mdahalo wa mada ya mali, vingi vilitaja hesabu ya ubaoni, vichache vilitaja hati ya kiwanja, na kimoja, kilichoandikwa kwa chaki kwa sababu mwandishi wake nadhani hakuwa na kalamu, kilisema: "Kibarua hufukuzwa. Sijui nimjibu nini mama yule. Naenda kuuliza nyumbani."